Waya wa Mashine Namba Mbili

4 Oktoba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute kifua kimepoa, maana binamu aliniambia wiki nzima ulikuwa unakohoa mpaka majirani wanauliza. Mimi sijambo. Mama nimeongea naye Jumapili, magoti yamemwachia kidogo, ila bado anabishana na daktari kuhusu fimbo.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu nimekupigia simu mara sita hupokei. Binamu akaniambia, "Baba kasema kama una neno liandike, naye atalisoma." Haya, nimetii.

Chumba changu kina kitanda, meza, sinki la kunawia uso na dirisha linalotazama ukuta wa jengo la jirani. Kutoka hapa mpaka idara ni dakika ishirini kwa miguu. Nina miaka thelathini na tisa, Mjomba, na kwenye semina nakaa na vijana ambao hawajawahi kusikia mkanda wa mashine ukikatika. Wanazungumza habari za viwanda kama watu wanaozungumza habari za mwezini. Miaka yangu kumi na mmoja ya ovaroli wanaiita "uzoefu wa awali".

Tasnifu yangu unaijua. Ni ya usimamizi wa teknolojia: kiwanda kinapoletewa mashine mpya, nani anaipokea, nani anaikataa, na kwa nini. Mfano wangu ni kiwanda chetu cha maboksi, na hasa mashine namba mbili ya kukatia, ambayo niliisimamia mwenyewe tangu inafunguliwa kwenye kreti. Nilipokuja Julai ulinipa saa nzima ya mahojiano, nikashukuru. Sasa sura ya nne imekamilika, na meneja ameipitia akairuhusu. Kimebaki kitu kimoja tu: saini yako kwenye fomu niliyoambatanisha, kwamba unakubali maneno yako yatumike. Jina halitajwi popote.

Tia saini, uirudishe. Msalimie mkazamjomba.

Mpwa wako.


27 Oktoba

Mpwa wangu Injinia,

Marahaba. Kifua kimepoa. Mama yako alikuja juzi bila fimbo, akaondoka ameshika ukuta. Mkazamjomba kazipokea salamu. Kwa upande wa salamu tumemaliza.

Fomu yako sikuitia saini. Imo humu ndani kama ulivyoileta, nimeikunja tu.

Hiyo sura ya nne nimeiona. Meneja alikuja nayo karakana, akanipa mbele ya mafundi wote. "Mzee, soma mpwa wako alivyokuandika." Akacheka, na wengine wakacheka kwa sababu yeye kacheka. Lugha ile siiwezi, nikaipeleka kwa binamu yako. Yeye si mwalimu bwana? Akanisomea mstari kwa mstari, hapa mezani. Alipofika ukurasa wa kumi na sita akaufunika kwa kiganja.

Nikamwambia, "Endelea."

"Baba, tuache."

"Endelea!"

Akasoma: "Mhojiwa wa saba, fundi wa umri mkubwa, aliitilia mashine shaka tangu mwanzo. Ukinzani wa aina hii ulichelewesha uzalishaji."

Mhojiwa wa saba ni mimi. Ukiwa na miaka tisa nilikuonyesha bisibisi inavyoshikwa, ukaing'ang'ania mpaka mama yako akakugombeza mezani. Leo nimekuwa namba, tena namba yenye ukinzani. Nimekinza nini mimi? Nimeifungua ile mashine na kuifunga mara ngapi?

Hilo langu nalimeza. La Chapchap silimezi. Yule dada alikuwa mwepesi kuliko wote kwenye laini, ndiyo tukampa jina hilo. Vidole vinne vya mkono wake wa kulia vilibaki kwenye mashine yako. Wewe umempa mstari mmoja: "Ajali moja ilitokea, ikahusishwa na uzembe wa mwendeshaji." Mstari mmoja, Injinia! Mimi na ubishi wangu tumepewa ukurasa mzima.

Nakuuliza swali moja, na ulijibu kwa maandishi kama ulivyoniletea fomu kwa maandishi. Waya umeuweka ukurasa wa ngapi?

Mjomba wako.


20 Novemba

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilichukua siku kumi na nne kufika, na mimi nikachukua siku kumi kuijibu kwa sababu niliogopa kalamu yangu. Huku baridi imeanza, nimenunua koti linalonifanya nifanane na godoro. Mama ana hali gani? Mwambie binamu ampeleke kliniki hata kwa kumburuta.

Umeniumiza. Umeisoma sura ya kitaaluma kama barua ya posa, unatafuta nani kasifiwa na nani kanuniwa. Utafiti hauandikwi hivyo. "Ukinzani" si tusi, ni istilahi. Watu wamekaa miaka wakiichambua. Mhojiwa anapewa namba ili alindwe. Mimi nilikuwa nakulinda!

Na wewe huko hujui ninavyopambana. Wiki iliyopita nilisimama semina, kijana mmoja ambaye maisha yake yote hajashika hata spana akaniuliza, "Kwani huyo mfanyakazi hakuona alama ya onyo?" Darasa zima likatikisa kichwa. Nilikaa chini. Halafu narudi chumbani nakuta barua ya mjomba wangu inayonisema kama adui.

Kuhusu ajali, ripoti ilikwishafungwa. Mkaguzi wa kazi alikuja, akaangalia, akaondoka. Nilichoandika ndicho kilichomo kwenye ripoti. Kiwanda ndicho kilichonipa ruhusa ya kutumia takwimu zake, na kinaweza kuiondoa kesho asubuhi. Ikiondolewa, miaka miwili yangu inakwenda na maji. Hilo umelifikiria?

Fomu nimeiambatanisha tena.

Mpwa wako.


11 Desemba

Injinia,

Marahaba. Mama yako mzima. Binamu yako mzima. Wote wazima.

Nimekuuliza habari za waya, ukanijibu habari za koti.

Kwa kuwa umesahau, nitakuandikia mwenyewe, uipelekee hiyo semina. Mashine namba mbili ilikuja na mlango wa wavu mbele ya kisu. Mlango ukifunguliwa, swichi inakata umeme, kisu kinasimama. Ndivyo walivyoiunda walioiunda, na walikuwa na akili. Lakini karatasi zetu zilikuwa na unyevu, zikawa zinakwama. Zikikwama mlango unafunguliwa, mashine inasimama, na kuiwasha upya ni dakika tisa. Oda ilikuwa kubwa. Meneja anapiga kelele kila saa. Basi ukawekwa waya pale juu kwenye swichi, ili mashine iamini mlango umefungwa hata ukiwa wazi.

Chapchap hakuambiwa. Siku ya Jumanne, saa nne kasoro, boksi likakwama. Akafanya kama alivyofundishwa na wewe mwenyewe: akafungua mlango, akahesabu mpaka tatu, akaingiza mkono. Nilikuwa hatua sita kutoka pale. Hakupiga kelele. Aliniangalia tu, kama mtu aliyeitwa jina lake na asiyemjua.

Huo ndio uzembe?

Walimwachisha kazi akiwa bado na bendeji. Barua yake inasema hivyohivyo, uzembe. Ameomba kazi viwanda vitatu vya kufungasha, hata ya kukagua tu kwa macho. Kila mahali wanaomba barua aliyoondokea nayo. Wakiisoma, wanamrudishia.

Usinitumie fomu tena. Ukiituma, nitaibandika mlangoni karakana ili watu wajionee. Nijibu hili: nani alisema waya uwekwe?

Mjomba wako.


16 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Najua miezi miwili imepita. Mama kaniambia umekuwa ukimuuliza kama niko hai. Niko hai. Barua yako niliisoma mara moja, nikaiweka chini ya vitabu, nikawa nafanya kazi juu yake.

Nilisema mimi.

Haya, umelipata. Nilikuita pale kwenye mapipa ya gundi, mbali na laini, nikakuambia, "Mjomba, iunganishe moja kwa moja, wiki hii tu, mpaka oda itoke." Ukaniuliza, "Una uhakika?" Nikakujibu, "Injinia hapa ni mimi." Nakumbuka hata sauti niliyoitumia. Nilikuwa injinia wa kwanza wa kike kwenye kile kiwanda, meneja alikuwa ananisubiri nianguke, na nilikuwa tayari kufanya lolote mashine isisimame. Ripoti niliiandika mimi. Neno "uzembe" nililitafuta na kulichagua mwenyewe, kwa sababu lilikuwa fupi na halikumgusa mtu aliyekuwa na ofisi. Meneja alilipenda. Miezi minne baadaye akanisainia ruhusa ya masomo, na mimi sikujiuliza kwa nini amekuwa mwepesi hivyo. Nasema uongo: nilijiuliza, nikafunga sanduku.

Sasa na mimi nina swali. Umeandika, "ukawekwa waya." Kiswahili kitamu hicho, Mjomba. Waya ulijiweka? Ulitambaa wenyewe ukapanda ngazi?

Mimi nilisema. Aliyepanda ngazi na koleo mfukoni ni nani? Wewe ni fundi mkuu wa miaka ishirini na minane. Ungekataa, hakuna mtu kiwanda kizima angethubutu kuugusa. Ulijua zaidi yangu kwamba ni hatari, ndiyo maana uliuliza. Halafu ukafanya! Na asubuhi ya pili baada ya ajali, kabla mkaguzi hajafika, nilipita pale nikatazama juu. Waya haukuwepo. Sikuutoa mimi.

Umeninyima simu tangu Agosti. Umeniandikia kama hakimu. Umemfanya mwanao akusomee sura yangu. Umemtaja Chapchap kila barua kama vile wewe unakwenda kumtazama. Umewahi kwenda?

Una hasira nami kwa sababu nimeandika uongo. Mimi nina hasira nawe kwa sababu uongo wenyewe ulinisaidia kuupika, na sasa umenawa mikono unataka nile peke yangu.

Mpwa wako.


12 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba.

Barua yako aliileta binamu yako. Nikaisoma nimesimama. Nikamfukuza binamu yako, nikamfukuza mkazamjomba jikoni, nikakaa. Nilikutukana kwa sauti, peke yangu, mpaka mbwa wa jirani akabweka. Siku iliyofuata nikakutukana tena. Siku ya tatu nikaisoma tena.

Niliuweka mimi. Niliutoa mimi. Nilijiambia kwamba agizo ni agizo, na mtoto wa dada yangu akitaka nimpandie ngazi nitampandia. Huo ni upuuzi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimebakiza miaka minne kustaafu, na meneja alishaanza kusema mafundi wazee hawaziwezi mashine za kisasa. Nilitaka aone kwamba naziweza.

Jumamosi nilikwenda kwa Chapchap. Hapana, sikuwahi kwenda kabla. Anakaa chumba cha nyuma ya duka la cherehani. Nilimkuta anapiga pasi nguo za watu kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameukandamizia kitambaa kisiteleze.

"Karibu, Fundi."

Sikuweza kukaa. Nikamwambia kila kitu nikiwa mlangoni. Waya, ngazi, koleo, mapipa ya gundi, wewe, mimi, ripoti. Akachomoa pasi kwenye umeme, akaiweka pembeni taratibu, kama mtu anayeogopa atairusha.

"Nilijua," akasema. "Laini nzima ilijua. Siku ile mlango ulikuwa wazi na kisu kinashuka, ulitaka nisijue? Nilikuwa nasubiri tu nione atatangulia nani, wewe au mpwa wako. Miaka mitatu, Fundi! Mnapita sokoni mnageuza shingo."

Nikamwambia naomba msamaha.

"Nitauweka wapi?" Hapo sauti ikapanda, mpaka cherehani za mbele zikanyamaza. "Nina barua humu ndani inayosema mimi ni mzembe. Mimi! Nimefanya kazi pale miaka sita, sijawahi hata kuchanika ukucha. Watu wanasoma barua kwanza, halafu ndipo wanatazama mkono, halafu wanatikisa kichwa kwamba nilijitakia. Mwanangu shuleni ameambiwa mama yake alijikata kwa kusinzia. Nendeni mkalitoe hilo neno. Msamaha mtaniomba baadaye, na huenda nisiupokee."

Nikasema, "Mpwa wangu yuko mbali, masomoni."

"Kwani mkono wa kuandikia aliuacha huku?"

Nimekufikishia kama alivyosema. Nikatoka, na yule fundi cherehani akanitazama mpaka nilipokunja kona.

Jumatatu naenda ofisi ya kazi kuandika maelezo yangu. Ya kwako siwezi kukuandikia.

Mjomba wako.


30 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mwambie mama nitampigia wiki ijayo, nikishapata sauti ya kuongea naye.

Humu ndani mna kopi mbili, kila moja kurasa tatu. Ni maelezo yangu, nimeyaandika kwa mkono, nikayasaini mbele ya wakili, kila ukurasa. Kopi ya kwanza nimempelekea meneja kwa barua pepe, kwa jina langu, sikutaka asikie kwa mtu. Ya pili ni ya ofisi ya kazi. Ya tatu mpe Chapchap mkononi. Nimemwandikia na barua yake binafsi, nikaichana, nikaandika nyingine, nikaichana. Kasema neno litoke kwanza. Nitaheshimu.

Nilimwambia profesa wangu Alhamisi. Ofisi yake ina zulia, unavua hasira mlangoni bila kutaka. Nikamweleza: sura ya nne ni ya uongo, mtu niliyemwita mkinzani ndiye aliyeuliza swali sahihi, na mimi ndiye niliyemnyamazisha. Akavua miwani.

"Hii ni simulizi yenye nguvu sana," akasema. "Lakini nadharia iko wapi?"

Mjomba, sijui kilichonipata. Nikasimama. Nikamwambia kuna mwanamke anapiga pasi kwa mkono mmoja kwa sababu watu kama sisi wawili tunajua kulifunika jambo kwa istilahi, na kwamba kama nadharia yake haina mahali pa kuweka waya, basi tatizo ni la nadharia. Nilipayuka mpaka katibu wake akafungua mlango. Nilipomaliza nikajua nimejiharibia.

Akavaa tena miwani. Halafu akasema kiwanda kikiondoa takwimu zake, nitaanza utafiti upya, na kamati haitanipa muda wa ziada wa kutosha. Alisema pia nisirudi kwake mpaka nimeiandika, hiyo ya waya, yote. Sikuelewa kama amenifukuza au amenikubali. Nadhani hata yeye hajui.

Meneja amejibu jana, mistari minne. Ruhusa imeondolewa. Ajira yangu imefutwa.

Nimeanza sura upya. Hakuna takwimu, kuna niliyoyafanya. Inaanza hivi: "Mashine ilikuwa ikisimama kila mlango ulipofunguliwa, kama ilivyopaswa. Mimi ndiye niliyeamuru isisimame."

Bado nina hasira nawe. Nimejaribu kuiondoa kabla ya kufunga bahasha, imekataa. Ungesema hapana siku ile ningekuchukia mwezi mzima, halafu basi.

Mpwa wako.


14 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako kaikubali fimbo, anaitumia kuwatishia kuku. Anajua yote sasa. Alininunia wiki mbili, na wewe zamu yako inakuja, jiandae.

Kiwandani sipo tena. Walinipa saa moja kukusanya vifaa vyangu, mlinzi amesimama nyuma yangu kama mwizi mimi. Mafundi hawakuniangalia. Mmoja tu alinibebea sanduku mpaka getini, akaniambia mashine namba mbili imezimwa, mkaguzi kaifunga kwa lakiri, na kaanza kukagua swichi za zile nyingine zote. Amekuta nyaya mbili ambazo mimi sizijui.

Hasira yako nimeisoma. Iache ilipo. Ningeweza kusema hapana. Nimelisema mara nyingi tangu siku ile, barabarani, peke yangu, ni neno jepesi sana.

Jana tuliitwa ofisi ya kazi. Chumba kidogo, mafaili mpaka darini, foleni imetoka nje mpaka kwenye ngazi. Chapchap alikaa benchi la upande wa pili, hakunisalimu. Meneja hakuja, alimtuma mwanasheria. Afisa akasoma maelezo yangu, akasoma ya kwako, kurasa zote tatu, kwa sauti. Uliposema neno ulilitafuta na kulichagua, afisa akarudia mstari ule mara mbili. Mwanasheria akasema wafanyakazi wawili wenye kinyongo wamekula njama. Chapchap akacheka. Kicheko kile sitaki kukisikia tena.

Uamuzi: ripoti imefutwa. Barua ya kuachishwa imefutwa, kiwanda kitatoa nyingine, na neno lile haliruhusiwi kuwemo. Kesi ya waya inaendelea mbele, mimi na wewe na kiwanda, kila mmoja kwa lake. Utaitwa.

Afisa akamsogezea Chapchap daftari la kupokelea uamuzi, akamsogezea na kile kidude cha wino. Akamwambia kwa upole tu, "Mama, bonyeza dole gumba hapa, inatosha."

"Nitaandika," akasema.

"Kuna foleni, mama."

"Nimesema nitaandika."

Akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Jina lake ni refu kuliko nilivyodhani, miaka yote sikuwahi kulijua lote. Aliliandika herufi moja moja, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, kalamu inakwama, anaanza tena. Nyuma watu wakaanza kunung'unika. Mmoja akasema, "Bonyeza tu, tuondoke!" Nikageuka nikamwangalia.

Alipomaliza akaisoma ile karatasi mwanzo hadi mwisho, akiwa amesimama palepale. Akaikunja, akaitia kifuani, akapita mbele yangu akatoka.

Mjomba wako.